Kifaa cha Baharini Kikitokea na Kasoro: Jinsi ya Kudai Haki Yako Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliyenunua dukani kifaa cha kazi za nje, hasa cha baharini, kisha akakuta kimeharibika kabla ya wakati wake au hakifanyi kazi aliyoambiwa kitafanya. Kifaa hicho chaweza kuwa mashine ya boti inayozima katikati ya mkondo, jaketi la kuokolea linalonyonya maji, taa ya sola ya kuvulia dagaa inayokufa kabla ya usiku wa manane, au kamba ya nanga inayokatika kabla msimu wa kusi haujesha. Visiwani kwetu vitu hivi ndivyo vinavyomrudisha mtu pwani salama, na kwa sababu hiyo kasoro yake haipimwi kwa bei ya dukani peke yake.

Sheria ipo. Wengi wanaokosa haki zao huikosa kwa sababu wanapofika kulalamika mashine imeshafunguliwa na mafundi watatu, risiti imeloa na kufutika maandishi, na hakuna hata karatasi moja inayoonesha kwamba muuzaji aliarifiwa. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa zimeelezwa kwa urefu kuliko zile za ofisini na mahakamani, kwani zikifanywa vizuri, madai mengi humalizika hapo hapo dukani.

Haki unayoidai ni ipi

Zanzibar ina sheria yake ya kumlinda mtumiaji, kwa sababu jambo hili si la Muungano. Sheria ya mwanzo ilikuwa ya mwaka 1995, na iliyopo sasa ni Sheria Nambari 5 ya 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi chake, ZFCC. Pamoja na sheria hiyo ipo misingi ya siku zote ya mauziano: kitu kilichouzwa kiwe sawa na kilivyoelezwa, kifae kwa kazi ambayo muuzaji anajua mnunuzi anakitakia, na kiwe na ubora wa kawaida unaotarajiwa kwa kitu cha aina na bei hiyo. Mwenye kuuziwa kinyume cha hayo ana haki ya kutengenezewa, kubadilishiwa au kurejeshewa fedha, kwa kadiri ya uzito wa kasoro.

Wafanyabiashara wetu wengi ni watu wa dini, na jambo hili si geni kwao, maana fiqhi ya biashara inampa mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye aibu, yaani kasoro, asiyoijua khiyari ya kukirejesha. Kumkumbusha muuzaji hilo kwa upole mara nyingi hufungua mlango ambao vitisho vingeufunga. Hata hivyo, usipeleke shauri hili kwa Kadhi, kwa sababu Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar inashughulikia ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mambo ya aina hiyo, wala haina mamlaka juu ya mauziano ya dukani.

Ni lazima pia kutofautisha kasoro na mambo mengine. Kujuta baada ya kununua si kasoro, na kukuta bei nafuu zaidi Darajani baada ya kununua Mlandege si kasoro. Uchakavu wa kawaida, kutu iliyotokana na kutosuuza kifaa kwa maji baridi, na madhara ya kukitumia kwa kazi isiyo yake, hayo yote ni ya mnunuzi. Kasoro ni ile iliyokuwamo ndani ya kitu tangu kilipotoka dukani, hata kama imejidhihirisha baadaye.

Hatua ya kwanza: acha kukitumia, na usikubali kifunguliwe

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, kwa sababu mvuvi ambaye mashine yake imezima hana subira ya ofisi. Samaki wako baharini, mabaharia wanangoja, na fundi yupo pale pale pwani na spana zake. Lakini mara tu fundi wa pwani anapofungua kifuniko cha silinda, muuzaji amepata jibu lake, naye atasema kwamba mashine ilichezewa na aliyeifungua ndiye aliyeiharibu. Kadi nyingi za waranti nazo zinaeleza waziwazi kwamba waranti inakufa kifaa kikifunguliwa na mtu asiyeidhinishwa.

Kuna ukaguzi wa nje ambao mnunuzi anaweza kuufanya bila kuathiri dai lake. Atazame kama maji ya kupoza yanatoka kwenye tundu lake pembeni ya mashine, kwani mkondo huo ukiwa dhaifu au ukikatika, huenda pampu ya maji haifanyi kazi au njia imeziba. Atazame plagi, chujio la mafuta, na kama propela imenasa kamba au uzi wa mshipi. Haya yamo katika kitabu cha maelekezo cha mtumiaji na si kuifungua mashine. Zaidi ya hapo asiende. Kama mashine imezima baharini na kuna khatari, usalama unatangulia kila kitu: fanya linalowezekana ufike pwani, kisha andika siku hiyo hiyo ulichokifanya na kwa nini ulikifanya.

Kifaa kihifadhiwe kilivyo, pahala pakavu, na vipande vilivyovunjika visitupwe. Kwa mashine za kuchanganya petroli na oili, hifadhi pia mafuta kidogo yaliyobaki ndani ya tangi, kwa sababu neno la kwanza la muuzaji huwa ni kwamba ulichanganya vibaya. Mashine nyingi za aina hiyo hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, lakini zipo zinazotaka oili zaidi ya hapo, na kitabu chake ndicho kinachoamua. Mafuta yaliyohifadhiwa katika chupa safi, pamoja na risiti ya oili iliyonunuliwa, yanajibu tuhuma hiyo kuliko kiapo.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi siku hiyo hiyo

Risiti ndiyo mama wa ushahidi, na inayofaa ni ya kielektroniki inayotambulika na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, yenye jina la duka, tarehe na kiasi. Risiti hizi huchapwa kwa karatasi inayofutika kwa joto na unyevu, na zikiwekwa mfukoni mwa mtu wa baharini hazidumu, hivyo ipige picha kabla hujatoka dukani. Aliyepewa karatasi ya mkono tu, au asiyepewa kitu, asikate tamaa. Meseji ya malipo ya simu, mazungumzo ya WhatsApp ya kupatana bei, kadi ya waranti yenye muhuri wa duka, na shahidi aliyekuwapo wakati wa kununua, vyote hivyo vinathibitisha mauziano.

Baada ya risiti, tafuta namba ya kifaa. Mashine za boti zina kibati chenye namba kwenye mabano yanayoshika tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, na namba hiyo ilingane na iliyoandikwa kwenye kadi ya waranti. Isipolingana, au kibati kikiwa kimebanduliwa, huenda umeuziwa mashine ya bandia au ya mtumba iliyopakwa rangi, na hapo dai lako linabadilika, maana unalalamikia udanganyifu pamoja na ubovu.

Kisha piga picha za video. Video moja inayoonesha mashine ikivutwa mara kadhaa bila kuwaka, pamoja na namba yake na sauti ya mtu anayetaja tarehe, ina nguvu kuliko maelezo ya kurasa mbili. Muombe mtu mwingine awepo, awe baharia mwenzako au mjumbe wa kamati ya wavuvi, na aandike jina lake.

Hatua ya tatu: ipime kasoro yenyewe

Dai lisiloeleza kasoro kwa usahihi hupuuzwa haraka. Kusema kwamba jaketi ni bovu hakutoshi. Inafaa useme ni nini kilichoahidiwa na ni nini kilichopatikana.

Tuchukue jaketi la kuokolea, kwa kuwa ndilo lenye khatari kubwa na ndilo linalonunuliwa kwa pupa. Visiwa hivi vilizika watu wengi baada ya MV Spice Islander I kuzama Septemba 2011 karibu na Nungwi na MV Skagit kuzama Julai 2012 karibu na Chumbe, na hakuna haja ya kumueleza mtu wa hapa kwa nini jaketi linalozama ni kosa zito kuliko taa isiyowaka. Jaketi zuri lina lebo ya ndani inayoonesha uzito wa mtu linaloweza kumbeba na nguvu yake ya kuelea kwa Nyutoni. Katika viwango vya kimataifa vya ISO 12402, kiwango cha 50 ni msaada kwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na pwani, kiwango cha 100 ni cha maji yaliyotulia, na kiwango cha 150 ni cha bahari ya nje. Kwa hiyo muuzaji aliyeambiwa kwamba jaketi ni la kuvukia mkondo wa Pemba, akauza la kiwango cha 50, ameuza kitu kisichofaa kwa kazi aliyoelezwa, hata kama mishono yake yote ni mizima.

Jaribio lake ni jepesi. Jaketi za meli za abiria zinazofuata masharti ya kimataifa hazitakiwi kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya nguvu ya kuelea baada ya kuzamishwa saa 24 katika maji baridi. Nyumbani huna mizani ya maabara, lakini unaweza kulifunga jaketi kwa mawe, ukalizamisha ndani ya pipa la maji kuanzia asubuhi hadi asubuhi ya pili, kisha ukalitoa, ukaliacha lichuruzike na kulipima uzito. Zuri hubaki na wepesi wake, maana sponji yake ina vijumba vya hewa vilivyofungika. Bovu limejaa sponji ya magodoro, nalo hutoka zito, na ukilibana kwa mkono maji yanamwagika kama kutoka kwenye dodoki. Fanya jaribio hilo mbele ya shahidi, na kwa jaketi moja tu kama umenunua mengi, ili yaliyobaki yabaki mapya kwa ajili ya kurejeshwa.

Kwa taa na vifaa vya umeme, soma alama ya IP iliyopo kwenye boksi, inayoonesha kifaa kinavyojikinga na vumbi na maji. Taa yenye IPX4 inastahimili maji ya kurushwa tu, na yenye IP67 inastahimili kuzamishwa ndani ya mita 1 kwa dakika 30. Ukiitumbukiza ya IPX4 baharini, kosa ni lako. Muuzaji akikuambia kwa mdomo au kwa tangazo lake kwamba haiingii maji kabisa, hilo ni lake. Wati zinazoandikwa kwenye boksi za taa za bei rahisi nazo mara nyingi zimetiwa chumvi, na tangazo la uongo ni dai linalosimama peke yake.

Kamba, nyavu na miwani ya kuzamia havihitaji maelezo marefu. Hifadhi kipande kilichokatika pamoja na kizima cha kulinganisha.

Hatua ya nne: rudi dukani

Nenda mapema, siku ile ile au ya pili yake, kwa sababu kila siku inayopita inampa muuzaji hoja ya kwamba umekitumia na kukiridhia. Nenda wakati duka halina msongamano, usianze na Tume wala polisi, na msalimie mtu kwa heshima yake. Mazungumzo huwa hivi:

“Sheikh wangu, mali ikishauzwa hairejeshwi, na kwenye risiti imeandikwa.”

“Nimeiona, bwana. Mimi sijabadilisha nia. Nimeuziwa mashine isiyopoza, nayo ina waranti yako. Naomba fundi wako aitazame nikiwa hapa.”

Jibu hilo linatosha. Maneno ya kwamba mali ikishauzwa hairejeshwi yanaweza kumzuia anayerudisha kwa kujuta, lakini hayafuti aibu iliyokuwamo ndani ya kitu, na muuzaji hawezi kuikwepa sheria kwa kuchapa sentensi moja chini ya risiti. Vile vile usikubali kupelekwa kwa kiwanda kilichoko China au kwa wakala wa Dubai. Aliyepokea fedha zako ndiye unayemdai, na yeye atajuana na aliyemletea.

Ukiacha kifaa kwa ukaguzi, pata karatasi inayotaja namba ya kifaa, hali yake wakati wa kukabidhi na siku ya kurudi. Kifaa kilichoachwa bila karatasi huweza kurudi bila pampu yake ya asili. Kukubali kutengenezewa kwanza si vibaya kama kasoro ni ndogo, lakini kasoro ile ile ikirudi, dai kubadilishiwa au kurejeshewa fedha.

Hatua ya tano: andika barua

Kama siku zinakwenda na jibu ni njoo kesho, andika. Barua iwe fupi, isiwe na matusi wala masimango, na ibaki nakala kwako yenye saini ya aliyeipokea. Mfano wake ni huu:

*Kwa Meneja wa Duka, Mlandege, Unguja.*

*Assalamu alaykum.*

*Yah: Mashine ya boti yenye kasoro*

*Tarehe (…) nilinunua dukani kwako mashine ya boti yenye namba (…) kwa shilingi (…), na nakala ya risiti nimeiambatanisha. Tarehe (…) mashine ilizima ikiwa baharini kwa kupata moto, na maji ya kupoza hayatoki ingawa tundu lake limesafishwa. Mashine haijafunguliwa na fundi yeyote. Nilikuarifu kwa mdomo tarehe (…), na mpaka leo sijapata ufumbuzi.*

*Naomba unibadilishie mashine hiyo kwa nyingine nzima, na kama hunayo, unirejeshee fedha zangu zote, ndani ya siku 14 tangu leo. Usipofanya hivyo nitawasilisha malalamiko yangu Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.*

*Wako mteja, (jina, saini na simu)*

Siku 14 hapa ni muda wa kiungwana wa kumpa mtu nafasi ya kujibu, na kwa kitu cha usalama unaweza kutaja muda mfupi zaidi. Akikataa kusaini, mpelekee tena mbele ya shahidi au mtumie picha ya barua kwa WhatsApp, ambayo inaonesha siku na saa ya kufika.

Hatua ya sita: Tume na ofisi nyengine

Tume ya Ushindani Halali wa Biashara inafikika Unguja na Pemba. Peleka nakala, si asili, za kila ulichokusanya: risiti, picha, barua, na maelezo ya tukio kwa mpangilio wa tarehe. Mara nyingi pande mbili hukalishwa pamoja kwanza, na mwenye karatasi zake zimepangwa huanza kikao akiwa mbele.

Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ni ya kuendewa pale unapoamini kwamba tatizo liko kwa bidhaa nzima na si kwa kipande chako tu, kama vile shehena ya majaketi yote yenye sponji ya godoro. Mamlaka ya Usafiri wa Baharini (ZMA) nayo iarifiwe ikiwa vifaa hivyo vimo katika vyombo vinavyobeba abiria. Mwenye boti za watalii Kizimkazi au Nungwi aliyegundua jaketi moja bovu ana wajibu wa kuyatoa yote ya aina hiyo chomboni siku hiyo hiyo, hata kama shauri lake na duka halijamalizika, maana abiria hajui habari za risiti.

Ikiwa mtu ameumia, hospitali kwanza, kisha polisi kwa ajili ya fomu ya PF3, na usimrejeshee muuzaji kifaa hicho kabla ya kupata ushauri wa kisheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na wasaidizi wa sheria walioko mawilayani husaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Sheha naye ni msaada mzuri wa kusuluhisha na kushuhudia, hasa muuzaji akiwa mtu wa shehia moja na wewe, ingawa hawezi kumlazimisha mtu kulipa.

Vitu vilivyonunuliwa Kariakoo vina njia nyengine. Tume ya Zanzibar haisimamii maduka ya Bara, na malalamiko yake hupelekwa kwa Tume ya Ushindani (FCC) ya Tanzania Bara, iliyoundwa kwa sheria ya 2003. Kwa muuzaji wa Instagram asiye na duka, hifadhi jina la akaunti, namba ya simu na jina lililotokea wakati wa kulipa, kabla hajafuta kurasa zake. Kwa mtumba, usitarajie ubora wa kipya, lakini muuzaji bado anafungwa na alichokisema.

Hatua ya saba: mahakama, na namna ya kufunga shauri

Yote yakishindikana, dai la fedha hufunguliwa mahakamani, na kiwango cha dai ndicho kinachoamua kama ni Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au ya Mkoa. Karani wa mahakama atakuelekeza. Mbali na bei ya kifaa, unaweza kudai hasara iliyotokana moja kwa moja na kasoro, kama gharama ya kuvutwa na boti nyingine, lakini kila shilingi iwe na karatasi yake.

Mara nyingi muuzaji hukubali kulipa barua ya Tume inapomfikia. Andikianeni makubaliano, na yasome kabla ya kutia saini, kwa sababu sentensi inayosema huna dai jengine lolote itakufunga hata kwa madhara yatakayoonekana baadaye. Pokea fedha kwanza, ndipo ukabidhi kifaa, na kama ni jaketi la kuokolea, omba iandikwe katika makubaliano hayo hayo kwamba halitauzwa tena, kisha likatwe mikanda yake mbele yenu nyote kabla hujatoka dukani.